Siku shule nzima ya Pietralonga ilipougua tumbo

Saa sita na dakika ishirini mchana, maji yanatokota katika sufuria mbili kubwa. Chumvi imeshatiwa. Kilo nne na nusu za makaroni zimo kwenye beseni, zinangoja. Concezia Petrecca hajazitia. Amesimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni, anautazama ukumbi wa chakula wa shule ya msingi ya Pietralonga. Meza nne zimejaa watoto. Ya tano, ya darasa la pili, iko tupu.

“Wako wapi hawa?” anauliza.

“Wanavaa viatu,” anajibu Ersilia Iacovetta, mhudumu wa shule, ambaye ametoka mbio kwenye chumba cha mazoezi na bado anahema. “Mwalimu wao anasema wewe tia tu, wanakuja.”

“Mwambie mwalimu wao aje hapa ayaombe makaroni yamsubiri.”

Ersilia anacheka, anarudi mbio alikotoka. Zinapita dakika nne. Darasa la pili linaingia, kamba za viatu zikiburuta, na mwalimu wao nyuma akiwa na uso wa mtu aliyekosea na anajua. Concezia anahesabu vichwa kwa kidole, anageuka, na kumwaga makaroni majini. Anatazama saa ya ukutani. Dakika kumi na moja. Kuanzia hapo, hata meya akipiga simu, Concezia hapokei.

Hapa milimani, mkoani Molise, hakuna anayeona ajabu katika jambo hilo. Kila nyumba hufanya hivyo. Aliyeko nyumbani hukaa na maji yanayochemka, na anayerudi kazini hupiga simu akifika kona fulani ya barabara, aseme neno moja tu: “Tia!” Nunzio, mume wa Concezia, alifanya kazi ya kuondoa theluji barabarani kwa miaka thelathini na nane, na miaka yote hiyo alipiga simu akifika kwenye kituo cha mafuta. Siku akisahau, alikula saa nane na nusu, na lawama juu yake.

“Makaroni yakiiva yana dakika tatu,” anasema Concezia. “Baada ya hapo yanakuwa uji. Mtoto mwenye njaa atakula, ndiyo. Mtoto mwenye njaa atakula hata penseli.”

Concezia ana umri wa miaka sitini na nne. Ni mfupi, ana sauti nzito kuliko mwili wake, na kifundo cha mkono wake wa kulia kimepasuliwa mara mbili kwa sababu ya kumenya viazi na kuinua sufuria. Watoto humwita Shangazi Concezia. Wazazi wao wengi nao humwita hivyo hivyo, kwa sababu wao pia walikulia kwenye meza hizi.

Alianza kazi hapa miaka thelathini na moja iliyopita, baada ya kiwanda cha suruali alikokuwa anashona kufungwa. Aliajiriwa kufagia. Mpishi wa wakati huo alivunjika mguu mwezi wa Novemba, na mwalimu mkuu akauliza nani anaweza kupikia watoto mia moja na kumi mpaka Krismasi. Concezia akanyoosha mkono.

“Sikujua kupikia watu mia,” anasema. “Nilijua kupikia watu sita. Nikafanya hesabu ya kuzidisha, basi.”

Krismasi ilipita, ikaja ya pili na ya tatu. Leo watoto wamebaki sitini na nne, maana vijana wanahama, lakini yeye yupo. Analipwa yuro 1,180 kwa mwezi. Saa moja kamili asubuhi ameshawasha moto.

Kwa nje ni chakula cha kawaida kabisa. Jumatatu makaroni kwa mchuzi wa nyanya na mrehani, halafu mayai ya kukaanga na mboga. Jumanne makaroni na njegere. Jumatano maharage na vipande vya tambi pana anazozikata mwenyewe. Alhamisi matonge madogo ya viazi, ambayo ndiyo yaliyomla ule mkono. Ijumaa samaki. Mkate upo mezani kila siku, na anayemaliza mchuzi huifuta sahani kwa mkate mpaka ing’ae. Jibini analikuna mwenyewe asubuhi hiyo hiyo, na siku ya samaki halitoki jikoni. Mwaka jana alikuja mtoto mgeni kutoka mji wa mbali, akaomba jibini juu ya samaki. Meza nzima ilimgeukia. Maskini, hakurudia.

Halafu kuna mlo mweupe.

Mtoto aliyeamka na tumbo, aliyetapika usiku, au aliyekula keki za ubatizo Jumapili mpaka akavimba, hapewi mchuzi. Hupewa makaroni matupu, mafuta kidogo ya zeituni juu, jibini kidogo, na viazi vya kuchemsha. Ndivyo anavyokula kila mgonjwa hapa, mkubwa kwa mdogo, tangu anyonyeshwe mpaka azikwe. Mzazi hupiga simu shuleni kabla ya saa tatu kasorobo asubuhi, aseme mwanawe leo ni mweupe. Mtoto akitoka shuleni huenda na kijikaratasi cha kuthibitisha, mzazi anasaini, kesho yake kinarudi. Hadi siku mbili, cheti cha daktari hakitakiwi.

Kila asubuhi Ersilia hupita darasa kwa darasa, kisha hushuka jikoni.

“Weupe wangapi?” huuliza Concezia.

“Wawili. Yule wa fundi bomba, na Gaia.”

“Gaia hana tumbo. Gaia ana mtihani wa hesabu.”

Ndivyo anavyowajua. Lakini mlo mweupe aliupika siku zote bila kubishana, na aliupika kwa makini kuliko mwingine, kwa kuwa makaroni matupu hayana mahali pa kujifichia kosa.

Msimu wa baridi uliopita, halmashauri ya mji ilianza kutafuta mahali pa kubana matumizi. Aliyekuja na wazo la jiko ni Ermanno Di Lullo, diwani wa elimu, mwenye duka la vifaa vya umeme. Huko bondeni, kilomita ishirini na saba kutoka hapa, kuna jiko kubwa linalopikia shule kumi na nne. Chakula hupikwa saa tatu na nusu asubuhi, hufungwa kwenye masanduku ya kuhifadhi joto, na hupandishwa mlimani kwa gari. Di Lullo alipiga hesabu akaona mji utaokoa yuro elfu thelathini kwa mwaka. Jiko la shule lingefungwa.

Huyo Di Lullo alikula kwa Concezia miaka mitano mizima.

“Si mtu mbaya,” anasema Concezia. “Alikuwa mtoto mzuri. Mchicha alikuwa anautia mfukoni, lakini alikuwa mtoto mzuri.”

Halmashauri ikaamua lifanyike jaribio la wiki moja mwezi wa Machi. Gari lingeleta chakula cha wote. Concezia angebaki jikoni kwa kazi moja tu, kupika milo myeupe, kwa sababu idadi ya wagonjwa haijulikani mpaka asubuhi na jiko la bondeni haliwezi kungoja simu. Wiki ikiisha, madiwani wangepiga kura.

Jumatatu gari lilifika saa sita kasorobo. Masanduku yakafunguliwa. Makaroni yaliyopikwa zaidi ya saa mbili kabla yalikuwa yamevimba na kushikana, ukichota moja linakuja na jamaa zake wote. Concezia alikuwa na weupe watatu tu siku hiyo. Alisimama mlangoni, akaona sahani zinarudi karibu kama zilivyokwenda. Aliingia ndani akasugua jiko lililokuwa safi.

“Nilisugua mpaka Ersilia akaninyang’anya kitambaa,” anasema.

Jumanne simu za asubuhi zilikuwa kumi na tisa. Concezia aliguna, akapika. Jumatano ndiyo siku ambayo Pietralonga haitaisahau.

Simu ilianza kulia saa moja na dakika arobaini, na haikunyamaza. Ersilia aliandika mpaka ukurasa ukajaa, akageuza nyuma. Saa tatu kasorobo alishuka jikoni ameishika karatasi kwa mikono miwili.

“Weupe wangapi?” aliuliza Concezia bila kugeuka.

“Sitini na mmoja.”

“Sita?”

“Sitini na mmoja, Concè.”

“Wewe Ersilia, umekunywa?”

“Sijanywa! Shika, soma mwenyewe. Wote wana tumbo. Waliobaki ni wale pacha wenye mlo wao maalumu wa daktari, na mmoja ambaye baba yake alisahau kupiga simu. Huyo yuko darasani analia.”

Concezia aliketi juu ya ndoo ya viazi. Anakiri kwamba kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa hasira. Miaka yote aliwaambia wazazi kwamba mlo mweupe si mchezo, ni wa mgonjwa. Kitu cha pili kilimfanya ajidai anapekua kabati la sahani, Ersilia asimwone uso.

Kisha alisimama akapika. Kilo nne za makaroni matupu, kwa wagonjwa sitini na mmoja, na yule aliyekuwa analia akamwekea ya kwake. Wagonjwa walikula mpaka wakaomba kuongezwa. Mgonjwa mmoja wa darasa la tano aliongezwa mara tatu. Gari la bondeni lilirudi na masanduku yake yamejaa, na saa nane wazazi waliokuja kuchukua watoto walimpigia Concezia makofi getini. Kijijini kote watu walicheka. Waliona wameshinda, na bila kutoa sauti.

Loo! Kumbe hakuna aliyefikiria karatasi inakwenda wapi.

Idadi ya milo myeupe ya kila shule huingizwa kwenye kompyuta na kwenda moja kwa moja ofisi ya afya ya wilaya. Mtu wa huko, ambaye hajui Pietralonga wala jaribio lake, aliona shule moja, watoto sitini na nne, wenye maumivu ya tumbo watatu Jumatatu, kumi na tisa Jumanne, sitini na mmoja Jumatano. Alifanya ambacho mtu mwenye akili zake angefanya. Alhamisi saa mbili asubuhi maofisa wawili waliovaa glavu walikuwa mlangoni kwa Concezia.

Walichukua sampuli za chakula zilizokuwa kwenye friji. Walipangusa meza, visu, vipini vya milango, na kucha za Concezia. Walikuwa na adabu, anasema. Mmoja alimwita mama. Kisha wakafunga jiko na kubandika utepe mwekundu na mweupe mlangoni, na karatasi iliyoandikwa kwamba jiko linashukiwa kusababisha mlipuko wa sumu ya chakula.

“Miaka thelathini na moja,” anasema Concezia, na hapa sauti ile nzito inapungua. “Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuumwa kwa mkono wangu. Hata mmoja. Na neno lenyewe limebandikwa mlangoni pangu, sumu, kila mtoto anayejua kusoma alisome.”

Ersilia alimshika mkono pale pale kwenye ngazi.

“Waambie! Wamedanganya, wote wanajua wamedanganya!”

“Wamedanganya kwa ajili ya nani?”

“Kwa ajili yako.”

“Basi niwachongee vipi?”

“Concè, watakufungia kabisa!”

“Mimi nilipika nilichoandikiwa. Waliopiga simu wana midomo, waseme wenyewe.”

Lakini midomo ilifungwa. Kile kijikaratasi walichosaini wazazi kina mstari mdogo chini, unaosema kwamba taarifa ya uongo kuhusu afya ya mtoto ni kosa. Alhamisi hiyo watu walivaa miwani wakausoma kwa mara ya kwanza. Mwenye kazi ya serikali aliogopa kazi yake. Mwenye kesi ya talaka aliogopa hakimu atasema nini. Kila mmoja akangoja mwingine aanze. Katika baa ya uwanjani madiwani wawili walisikika wakisema heri limetokea sasa, jiko lenyewe limezeeka. Wapo na waliosema, kwa sauti ya chini, huenda kweli watoto waliumwa.

Waliompigia makofi Jumatano, Jumamosi walivuka barabara wakimwona. Concezia aliacha kwenda kununua mkate. Nunzio ndiye aliyekwenda, na alirudi kila siku na mkate ulioungua kidogo, kwa sababu hakuwa na moyo wa kumwambia muuzaji ambadilishie. Jikoni kwao makaroni yalipikwa, yakaliwa, hakuna aliyejua ladha yake.

“Nilimwambia aende kwa meya aseme,” anasimulia Nunzio. “Akaniambia, wewe kula. Nikala.”

Ijumaa iliyofuata, saa kumi na moja jioni, halmashauri ilikutana katika ukumbi wake wa ghorofani. Viti havikutosha. Concezia aliketi safu ya mwisho karibu na mlango, koti hajavua. Katibu alisoma ripoti ya ofisi ya afya. Sampuli zote zilikuwa safi. Meza safi, visu safi, kucha za mpishi safi. Watu wakaanza kushusha pumzi. Katibu akageuza ukurasa: kwa kuwa watoto sitini na mmoja waliripotiwa kuugua na chanzo hakijajulikana, ofisi inashauri jiko liendelee kufungwa mpaka chanzo kitakapojulikana.

Maana yake jiko lilifungwa kwa kosa lisilokuwepo, na kosa lisilokuwepo halipatikani kamwe. Di Lullo alisimama, akasema kwa masikitiko kwamba katika hali hiyo hakuna tena cha kupigia kura, na kwamba mji unamshukuru Bi Petrecca kwa utumishi wake.

“Chanzo kinajulikana,” ilisema sauti kutoka katikati ya ukumbi.

Aliyesimama alikuwa bibi wa miaka sabini na minane, mkoba mdogo mkononi, nywele zimetoka kwa msusi siku hiyo hiyo. Ni Donata Di Lullo, mama mzazi wa diwani.

“Chanzo ni mimi,” alisema.

“Mama, tafadhali. Kikao kina utaratibu wake.”

“Utaratibu umefundishwa na nani, wewe? Kaa chini, Ermanno.”

Akakaa. Mtu mzima wa miaka thelathini na saba, diwani, akakaa.

“Jumatano ile,” aliendelea Donata, “nilipiga simu nikasema Viola anaumwa tumbo. Viola ni mjukuu wangu, wa darasa la tatu, baba yake ni huyo hapo mbele. Haumwi. Asubuhi hiyo alikula mkate na jemu vipande vitatu na ndizi juu. Nilidanganya.”

Meya alimuuliza kwa upole kwa nini alifanya hivyo.

“Kwa sababu Jumatatu mtoto alirudi nyumbani akaniambia wamelishwa gundi. Na katibu, andika na hili: karatasi ya kuthibitisha ilisainiwa na baba yake.”

Di Lullo aliruka. “Mimi? Sijasaini kitu kama hicho!”

“Umesaini. Nilikuwekea kando ya kikombe cha kahawa, ukasaini bila kusoma. Si ndivyo unavyosaini kila kitu?”

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka meya akagonga meza, na meya mwenyewe alikuwa anafuta macho. Di Lullo alisimama akiwa mwekundu mpaka shingoni. Angeweza kusema mama yake amezeeka. Angeweza kusema saini ni ya kughushi, na nani angempinga? Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha usoni.

“Andika na jina langu,” alimwambia katibu. “Binti yangu hakuwa mgonjwa. Nimesaini uongo.”

Baada ya hapo haikuwezekana tena kwa mwingine kubaki kitini. Fundi bomba alisimama. Alisimama mama wa Gaia, nesi, mwenye kuajiriwa na serikali, uso umempauka. Alisimama polisi wa mji akiwa na sare zake, akasema wanawe wawili walikuwa wazima na mmoja wao ndiye aliyeongezwa mara tatu. Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Katibu aliishiwa karatasi. Watu walisema majina yao na ya watoto wao, na wengi walipomaliza hawakurudi kwenye viti. Walikwenda mpaka safu ya mwisho, kwa yule mwanamke mwenye koti.

“Walikuja mmoja mmoja,” anasema Concezia. “Sikujua niseme nini. Nilimwambia yule polisi kwamba mwanawe anakula haraka mno. Basi. Ndilo lililonitoka.”

Walikiri kwa niaba ya watoto hamsini na wanane. Watatu waliobaki, mji mzima unawajua, na mji mzima umenyamaza.

Di Lullo aliondoa hoja yake mwenyewe. Ofisi ya afya, ilipopokea majina, iliwatumia wazazi barua kali ya onyo, na ikaishia hapo. Kuna nyumba mbili ambako barua hiyo imetiwa fremu na kutundikwa jikoni, juu ya jiko. Utepe ulitolewa Jumatatu asubuhi. Concezia alioga, akavaa aproni mpya, akawasha moto. Wazazi waliosimama getini wakitarajia shukrani walipata tangazo, lililosomwa na Ersilia kwa sauti: atakayedanganya tumbo tena, mwanawe atakula mweupe mwezi mzima, na Pasaka ikiwemo.

“Unawezaje kuwafokea watu waliokuokoa?” anaulizwa.

“Walioniokoa ndio walioniponza!” anasema, na anacheka mpaka anashika ubavu. Kisha anaacha kucheka. “Nesi yule alikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba. Alisimama, akataja jina lake. Siku ile niliingia chooni pale halmashauri nikalia, nikanawa uso, nikatoka. Sijalia hivyo tangu mama yangu afariki.”

Hata hivyo, vita haijaisha, na Concezia ndiye wa kwanza kusema. Uamuzi wa halmashauri unasema jiko litaendelea maadamu shule ina mpishi. Ana haki ya kustaafu mwezi wa Juni mwakani. Asipopatikana mtu wa kushika mahali pake, jiko litajifunga lenyewe, bila kura na bila utepe. Di Lullo ameahidi kwamba nafasi ya kazi itatangazwa kabla ya majira ya baridi, apatikane mtu wa kufanya naye kazi mwaka mzima. Tangazo halijatoka. Kwa hiyo kila Jumanne, akitoka kazini, Concezia hupitia dukani kwa diwani, huketi kwenye kiti katikati ya nyaya na balbu, na kungoja. Hasemi mengi. Wateja humwona hapo wakamuuliza diwani habari za tangazo.

“Anakuja na harufu ya kitunguu,” analalamika Di Lullo. “Akiondoka, mimi nina njaa mpaka usiku.” Lakini anasema barua ya kuomba kibali cha kuajiri ameiandika, na safari hii ameisoma kabla ya kusaini.

Sasa ni saa nane. Ukumbi ni mtupu, sahani zimekauka, Ersilia anapandisha viti juu ya meza. Concezia amevua aproni, anajikanda kifundo cha mkono. Anaulizwa atafanya nini akistaafu. Mumewe anataka waende baharini, anasema, na wataenda. Ila kuna jambo lake moja kwanza.

“Unajua sijawahi kula hapa?”

Ersilia anaacha kiti hewani.

“Naonja makaroni moja kujua kama yameiva. Moja tu. Nachuja, napakua, nasimama. Wakimaliza naosha. Nafika nyumbani, namtilia Nunzio ya kwake. Miaka thelathini na moja nimekula makaroni moja kwa siku.” Anacheka kidogo. “Siku ya kwanza ya kustaafu nitakuja saa sita na nusu. Nitakaa kule, meza ya darasa la kwanza, kwenye vile viti vidogo. Nitangoja kama wao. Nataka mtu aniletee sahani inatoa moshi, niile ikiwa hivyo hivyo, mpaka mwisho, nifute kwa mkate.”

“Mimi nitakuletea,” anasema Ersilia.

“Wewe utaleta. Nani atakuwa amepika?”

Ersilia anaweka kiti juu ya meza. Concezia anachukua koti lake kwenye msumari, analivaa bila kuharakisha, kwanza mkono mbovu kisha mzima. Leo ni Jumanne, na duka la diwani linafunguliwa tena saa tisa.